Nyumba Iliyofika Buna Kabla ya Barua

Garissa, Bulla Iftin
19 Januari 2025

Kwa mwanangu Hamse,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mama yako Maka ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na hilo unalijua. Awowe wako Barre anakusalimu. Bado babu huyo anasema hasikii, lakini nikitaja chai anasikia. Dada yako Istahil anakusalimu. Mumewe Siyad anakusalimu kutoka dukani, sijamwona leo lakini najua anakusalimu. Mapacha wao wanakusalimu na wanauliza umewaletea nini, nimewaambia msafiri huulizwa afya kwanza. Yule mama anayeuza maziwa ya ngamia hapa kwenye kona anakusalimu. Mbuzi wetu wawili wapo, yule mweupe amezaa. Kuku mmoja amepotea, nami najua aliko, lakini sitaki ugomvi na majirani. Sote tunataka habari zako, za tumbo lako, za macho yako, na za magurudumu ya hiyo gari.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Mwalimu wa gumbaru ametuambia kila mama aandike barua kwa mtu wake aliye mbali, kwa Kiswahili kama alivyotufundisha, na mtu wangu aliye mbali ni wewe. Tena barua ni afadhali kuliko simu. Huko uliko mtandao mara upo, mara umelala, na simu yangu haijui kunong'ona, nikiongea nayo bulla nzima inajibu.

Sasa jambo lenyewe. Gelle, kondakta wa basi la Wajir, alipita hapa Jumatano akasema amekuona Modogashe kando ya barabara, umekaa kwenye ngazi ya gari nyeupe yenye mapazia, paka mapajani, unakaanga mayai. Nikamwambia si wewe. Akasema ni wewe, maana ulimpa yai moja. Hamse, uliniambia hiyo gari ya zahanati ya zamani uliinunua kwa mnada kule Dagahaley ili uitengeneze uiuze Wajir. Gari ya kuuza haiwekwi mapazia. Gelle anasema ndani kuna kitanda, jiko, kabati, na bomba linalotoa maji. Awowe wako habari ya bomba aliisikia vizuri kabisa. Alicheka mpaka machozi. Akasema wao walimaliza umri wao wakitafuta mahali pa kushusha nyumba kutoka mgongoni mwa ngamia ikae chini itulie, na mjukuu wake ameiokota ameitia magurudumu.

Sikuulizi unaenda wapi. Mtu mzima haulizwi. Lakini kama unaenda Buna, na mimi sijasema unaenda Buna, nijulishe kabla hujafika, si baada. Na huyo paka asilale karibu na uso wako, utavuta manyoya.

Nijibu upesi, nisikae hapa nikikupikia mawazo.

Mama yako,
Maka


Wajir
2 Februari 2025

Hooyo mpendwa,

Waaleikum salam. Mimi ni mzima, tumbo zima, macho mazima, gurudumu moja nimeliziba mara mbili. Msalimie Awowe, Istahil, Siyad, mapacha, na mama wa maziwa. Kuku mwache, huenda ameolewa huko.

Gelle hakudanganya. Kitanda kipo, jiko lipo, bomba lipo. Paka anaitwa Waziri, kwa sababu anakaa kiti cha mbele na hafanyi kazi yoyote. Angekubali kusogea, ningetamani ukikalie kiti hicho wewe, uone nchi inavyobadilika. Kutoka Garissa ni miti ya mathenge huku na huku, hata huoni mifugo, unasikia sauti tu. Kisha miti inaanza kufupika kama watu wanaokaa chini mmoja mmoja. Modogashe ni mchanga. Habaswein nilisimama pale kwenye kinamasi cha Lorian, ambapo uliniambia matete yalikuwa marefu hata ng'ombe akiingia mnamtafuta kwa kumwita. Hooyo, sasa pale ukimwacha mbuzi unamwona mpaka uchoke kumwona. Ufa mmoja wa udongo ulimeza kiatu changu. Halafu ukikaribia Wajir ardhi inakuwa nyeupe ghafla, Waziri akitoka nje anarudi na miguu kama ametoka kukanda unga.

Tatizo moja ni kwamba maandishi ya zahanati hayakufutika kwa rangi moja. Kila nikisimama watu wanapanga foleni. Habaswein walikuja kina mama kumi na mmoja na watoto wao, na mzee mwenye mwanambuzi aliyevunjika mguu. Nikasema mimi ni fundi wa jenereta. Mzee akasema hata huyu ni jenereta, imezima upande mmoja. Nilimfunga mguu kwa kijiti na utambi wa taa, nikawapa wote chai, wakaondoka wakisema huduma siku hizi zimeboreka. Mzee alisema atarudi jioni kumchukua mgonjwa wake. Hakurudi. Kwa hiyo sasa tuko watatu: mimi, Waziri, na mbuzi ambaye jina lake limebaki Mgonjwa. Amepona, lakini anakula kila kitu. Amekula pazia moja.

Sasa nakwambia. Naenda Buna, Hooyo. Unamkumbuka Ramlo, yule mwalimu niliyekutana naye Dagahaley nilipotengeneza pampu ya shule yao. Amerudi kufundisha kwao. Baba yake, Mzee Alio, hana neno. Amebaki mama yake tu, Mama Weris, na yeye ndiye mwenye neno. Nimekaa mwaka mzima naijenga hii nyumba kwa siri. Nataka nifike, nifungue mlango, Mama Weris aone kwamba binti yake hatakosa kitu, hata kijiko. Vijiko ni kumi na viwili.

Kesho kutwa naondoka. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Hamse


Garissa
13 Februari 2025

Hamse,

Salamu kutoka kwa Awowe, Istahil, Siyad, mapacha, mama wa maziwa na wengine wote, wote wazima, mweupe na mtoto wake wazima, kuku amerudi na hasemi alikuwa wapi. Nimewasalimia haraka, unisamehe.

Usiingie Buna na hiyo nyumba. Kama umeshaingia, funga milango. Kama umeshafungua milango, funga kabati. Kama Mama Weris ameshaviona vijiko, kaa chini unywe maji, kisha endelea kusoma.

Mwanangu, kosa ni langu. Wewe umezaliwa hapa mjini, unaona mtu akioa ananunua makochi, unadhani ndivyo dunia ilivyo. Kule porini kwetu nyumba haiji na mwanamume. Mama wa msichana na dada zake wanakaa miezi wakisuka mikeka, wanapinda miti, wanafukiza ubani, na siku ya arusi wanaisimamisha wao kwa mikono yao. Ni ya msichana mpaka afe. Mume anaingia kama mgeni, na akimuudhi mwenye nyumba anatoka na fimbo yake na bakuli lake. Mama yangu alinisukia mikeka yangu miaka miwili, vidole vyake vikatoka magamba. Sasa wewe unakwenda kwa mama wa watu na nyumba nzima, kitanda na vijiko kumi na viwili. Unamwambia mbele ya Buna nzima kwamba yeye hana mikono.

Baba yake anaweza kukubali mara mia. Mama akisema hapana, hakuna arusi.

Lakini usikate tamaa. Nimekaa na Awowe siku mbili tukafikiri, na njia iko, tena ni rahisi, haikugharimu ila kubeba vitu. Sikiliza vizuri, uifuate kama nilivyoandika, usiongeze la kwako. Chukua karatasi ya pili.


Buna
27 Februari 2025

Hooyo mpendwa,

Salamu kwenu wote, majina nitayataja siku nyingine.

Barua yako ilifika siku nne baada yangu. Mimi nilikuwa nimeshasimamisha gari mbele ya ua wao saa nne asubuhi, nimefungua milango yote miwili. Watu walikuja wakapanga foleni, nikawaomba wasubiri. Mama Weris akatoka akijifuta mikono. Ni mama mfupi, mnyamavu, anatazama kitu kimoja kwa muda mrefu. Alitazama kitanda. Akatazama kabati. Mimi nikaona hajaelewa, nikafungua bomba. Alitazama yale maji yakitoka mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Kumbe binti yangu hana mama." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilidhani kitanda ni kidogo. Nilipata godoro kubwa zaidi, nikalipitisha mbele ya ua wao nikiwa nimelibeba kichwani ili aone. Akafunga na dirisha. Nikatundika kioo. Ramlo akanitumia ujumbe kupitia kwa mmoja wa kina mama wa foleni, kwamba nikiongeza kitu kingine chochote atanikataa yeye mwenyewe, kabla mama yake hajapata nafasi.

Ndipo barua yako ikaja. Niliisoma nimekaa kwenye ngazi, nikanywa maji kama ulivyosema. Karatasi ya kwanza ilikuwa mkononi, ya pili nilikuwa nimeiweka gotini. Hooyo, Mgonjwa ameila. Niliwahi kumpokonya kipande kimoja, sawa na ukucha, kina neno moja, "vijiko". Nimekitazama siku tatu. Sijui kama vijiko niviongeze au nivifiche.

Na kuna mwanamume mwingine. Anaitwa Ogle, anachanja mifugo hapa. Hana kitu. Analala kwa dada yake, chakula anakula kwa dada yake, na Mama Weris anamsifu kwa watu, anasema kijana huyu amelelewa, hajui hata kununua sufuria. Mzee Alio amenivuta pembeni akaniambia kwa upole kwamba baada ya Idi wazee wa Ogle watakuja, na mkewe ameshasafisha ukumbi.

Mtandao umelala tangu Jumatatu. Asubuhi vilima vya upande wa Moyale vinaonekana vya buluu, saa sita vumbi linavifuta, jioni vinarudi. Ardhi hapa ni nyekundu, Waziri sasa ana rangi mbili. Sina hamu ya kutazama nchi tena. Mtu anayependa kusafiri na nyumba yake nimegundua hana pa kwenda akifukuzwa.

Niandikie tena karatasi ya pili. Ramadhani inaanza.

Hamse


Garissa
11 Machi 2025, chungu cha kumi na moja

Kwa mwanangu Hamse,

Ramadhani karim. Mimi mzima, goti limefunga pia, halitaki kupanda ngazi. Awowe anafunga ingawa daktari amemkataza, anasema hakumsikia. Istahil, Siyad na mapacha wanakusalimu. Mweupe na mwanawe wanakusalimu, na wanakana udugu wowote na huyo Mgonjwa.

Usishangae barua hii kuja ndani ya kengele. Nimeikunja nikaisokomeza humo, nikaziba mdomo kwa kitambaa na kushona. Gelle ameahidi haitatoka mkononi mwake mpaka aikabidhi kwa dereva anayekwenda Buna. Isome ukiwa umefunga mlango na mbuzi yuko nje.

Hiyo kengele ya mti unaijua kwa habari tu. Ni ile ninayosema ilipotea tulipohamia mjini. Haikupotea. Ilikuwa kwenye debe la unga miaka yote. Istahil aliitaka aitundike sebuleni karibu na televisheni, nikamwambia imepotea, nikasema uongo na namwomba Mungu anisamehe. Ilikuwa shingoni mwa ngamia aliyebeba nyumba yangu siku niliyotoka kwa mama yangu. Ngamia wa baba yako, Mungu amrehemu. Ndicho kitu pekee baba yako alichokuja nacho: ngamia mmoja, mgongo mtupu, na kengele. Nyumba tulimpakia sisi.

Basi umeona. Wewe hukuleta nyumba. Umeleta ngamia. Kosa lako ni kwamba ulimleta akiwa amepakiwa.

Toa kitanda. Toa godoro, na lile kubwa pia. Toa jiko, kabati, kioo, mapazia yaliyobaki. Toa vijiko, usibakize hata kimoja, maana utatamani kubakiza kimoja, nakujua. Wape watu wanaohitaji, mbali na ua ule, usifanye maonyesho. Ioshe mpaka iwe tupu kama siku ilipozaliwa. Kisha funga kengele hii mbele, pale penye taa. Usiseme neno mwenyewe. Nenda kwa Kerrow, binamu wa marehemu baba yako, yuko Buna hapo hapo karibu na kisima, umwambie kama nilivyoandika, yeye aende aseme. Wewe simama nyuma yake utazame chini.

Na kama hata hivyo akikataa, rudi nyumbani. Hapa kuna kitanda chako. Sikukiondoa, ingawa Istahil anataka kuweka cherehani.

Niletee jibu upesi kuliko Gelle.

Mama yako,
Maka


Buna
16 Aprili 2025

Hooyo,

Waaleikum salam kwenu nyote: wewe na goti, Awowe, Istahil (kengele sijamwambia), Siyad, mapacha, mama wa maziwa, mweupe, mwanawe, na kuku ambaye hasemi. Idi njema iliyopita.

Kengele ilifika siku nne kabla ya Idi. Nilimfunga Mgonjwa kwenye nguzo nikasoma mara tatu. Kitanda na godoro dogo alipata mlinzi wa shule. Godoro kubwa nililipeleka zahanati ya kweli, na foleni yangu nikaipeleka pamoja nalo. Jiko alichukua mjane mmoja. Vijiko nilivigawa viwili viwili, na ndiyo, nilitamani kubakiza kimoja. Waziri alipoona kitanda kinatoka aliniangalia kama nimemtoa kazini. Alivuka barabara, akaingia jikoni kwa Mama Weris bila kubisha hodi, na hakufukuzwa. Yeye ndiye aliyeposwa kwanza.

Siku ya pili ya Idi nikaenda nyuma ya Mzee Kerrow nikiangalia chini. Najua viatu vyote vya Buna. Mzee Kerrow hakuzunguka. Akasema, "Mtoto wetu amekulia mjini. Alimpakia ngamia mzigo ambao si wake kupakia. Tumempakua. Yuko mlangoni mwenu, mgongo mtupu."

Mama Weris akatoka. Hakunitazama. Alikwenda kwenye gari, akalizunguka polepole. Alipiga gurudumu kwa kiganja kama anapapasa goti la mnyama. Akainama akatazama chini ya tumbo. Akafika mbele, akaishika kengele, akaitikisa mara moja, akasikiliza. Akauliza ilitoka wapi. Nikasahau kutazama chini, nikasema ni ya mama yangu, ilibeba nyumba yake. Kisha akauliza swali ambalo nililijua kuliko maswali yote duniani: ngamia huyu anakunywa kiasi gani?

Nikasema lita kumi na tatu kwa kilomita mia.

"Mlafi," akasema. "Lakini mgongo ni mpana." Akawaita dada zake.

Hooyo, kumbe mikeka ilikuwa tayari. Ilikuwa imekunjwa chumba cha nyuma tangu Ramlo alipomaliza shule. Nilipofungua bomba siku ile alikuwa na mikeka kumi na minne nyuma ya mlango ule. Kina mama saba waliingia ndani ya gari, wakapinda miti kutoka ukuta hadi ukuta, wakatandika mikeka juu, chini na pembeni, wakatundika vibuyu vya maziwa, wakafukiza ubani siku mbili mpaka maandishi ya zahanati nje yakawa kama yanatoa moshi. Mimi sikuruhusiwa kukaribia. Ogle alikuja akasimama nami tukatazama. Akasema ana nyundo, kama watahitaji. Wakamwambia aende zake na nyundo yake, na hapo nikajua nimeshinda.

Tulifunga ndoa Ijumaa iliyopita, na mvua ikaanza Jumamosi. Unajua nchi hii ikipata maji. Jana ilikuwa nyekundu, leo ina manyoya ya kijani kama kifaranga, na vilima vya Moyale havifutiki tena mchana, vinakaa. Ramlo anasema tungoje barabara ikauke, kisha tuje taratibu kwa njia ya Wajir. Anataka kuiona Lorian ikiwa na maji, hata ya siku moja.

Funguo za gari anazo yeye. Kabla ya kuingia nakohoa. Nina mkeka wangu karibu na mlango, na bakuli langu. Mgonjwa analala ndani kabisa, karibu na vibuyu. Nilipouliza kwa nini mbuzi yuko ndani kuliko mimi, Ramlo akasema Mgonjwa hakuleta vijiko.

Mwanao,
Hamse


Garissa
24 Aprili 2025

Kwa mwanangu Hamse, na umsomee mwenye nyumba,

Alhamdulillahi. Awowe anakusalimu, Istahil anakusalimu na amenuna, kwa sababu nilimsomea barua yako kwa sauti na nikasahau kuruka pale pa kengele. Siyad anakusalimu. Mapacha wanataka kumwona Mgonjwa. Mama wa maziwa ameahidi kibuyu kizima mkifika. Mweupe na mwanawe wazima, kuku mzima. Mvua imefika hapa pia, mto umepanda, usipite korongo lolote lenye maji hata kama mwenzako aliyetangulia amepita, wewe shuka uingie kwa mguu kwanza. Ufunge mlango wa gari mkiwa mnasafiri. Vibuyu vifungwe kwa kamba mbili. Paka asikae mbele ya dereva.

Mpe Mama Weris salamu zangu. Mwambie nimelia, lakini kidogo.

Sasa nina ombi, na si lako kujibu, kwa hiyo kaa kimya usome tu.

Ramlo, mwanangu, mimi ni Maka. Mikeka yangu aliyonisukia mama iliisha na mchwa mwaka tuliohamia mjini. Tangu hapo nimelala chini ya mabati, nyumba ya marehemu mume wangu, nyumba nzuri, haivuji. Lakini ni nyumba yake. Mimi mgeni tangu wakati huo, ingawa napika. Mkija nawaomba siku moja tu ndani ya nyumba yako, nilale mchana, upande wa vibuyu, nisikie harufu ya ubani kwenye mikeka. Ukisema hapana nitaelewa. Ukisema ndiyo, nitakuja hata Lorian na basi la Gelle niwangoje hapo kando ya maji, maana napataka kupaona pia, na Awowe anasema kama naenda na yeye anaenda, hilo alilisikia vizuri.

Nitakohoa kabla ya kuingia.

Hamse, mwulize leo hii, uandike alivyosema bila kuongeza lako, uifiche mbuzi asiione, umpe dereva wa kwanza anayeshuka. Jibuni upesi, kabla goti halijajua kwamba linasafiri.

Mama yenu,
Maka